Safu ya Hali

Daftari letu lina safu saba.
Namba. Jina. Mahali. Mwinuko. Tarehe. Mkusanyaji.
Ya saba ni Hali,
na marehemu Ambakisye, mwenye mwandiko wa karani wa mahakama,
aliniachia maneno manne ya kuijazia:
nzima, imepasuka, imeliwa na wadudu, haionekani.
Yamenitosha miaka kumi na tisa.

Ndege wamelala chali kwenye droo,
pamba machoni, miguu imefungwa pamoja
kama kuku wa soko la Mwanjelwa.
Vyura wa Rungwe wamo chupani, wamepauka,
wote rangi moja, ya chai ya maziwa iliyopoa.
Kinyonga wa Poroto amebadilika mara ya mwisho
na rangi hiyo ndiyo aliyobaki nayo.
Ukungu wa Loleza ukishuka hadi dirishani
karatasi za mimea hunyonya unyevu, hujikunja.
Nabadilisha nafthalini. Napiga chafya. Nahesabu.

Agosti, polisi wa Tunduma walituletea gunia.
Kesi imekwisha, walisema, mtu kalipa faini,
na kielelezo hakina pa kwenda.
Basi kielelezo cha mahakama
kikawa kielelezo cha makumbusho,
na lugha yetu haikudai hata nauli.

Chikanda. Viazi vya okidi,
kilo thelathini na mbili za Kitulo
zilizokuwa zikivuka mpaka kwenda kupondwa na karanga.
Dokta Gwakisa alivimwaga mezani, akavaa miwani, akaivua.
"Bila ua sina jina," alisema.
"Hawa ni watu walioletwa kwangu bila nyuso."

Mama Tweve alitoka Matamba na darasa la mjukuu wake,
amebeba ndoo ya viazi vya kuchemsha.
Watoto walimjazia chui mate kiooni
(jicho lake moja ni gololi, wao ndio waliogundua).
Yeye alisimama mbele ya gunia.
"Nilichimba haya," alisema, wala hakushusha sauti.
"Ada ya mtoto wa tatu. Bati la jikoni."
Akachukua kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa.
Hiki cha bondeni, penye maji.
Hiki cha juu, upepo umekikomaza.
Akavitaja kimoja kimoja kwa Kikinga,
nami nikaandika, nikafuta, nikaandika,
Dokta akishika tochi kama mwanafunzi wa zamu.

"Kila shina lina viwili," alituambia.
"Cha mwaka jana kimesinyaa, kimeshatoa vyote.
Cha mwaka ujao kimejaa, kigumu.
Sisi tulichukua kilichojaa.
Kilichosinyaa tulikirudisha shimoni, tukakifukia vizuri,
tukasema: tumemwachia mwenye shamba."
Kisha akaenda kugawa viazi.

Novemba, mvua ya kwanza, umeme umekatika,
nikaingiza mkono chini kabisa ya gunia
na kitu kikanigusa.
Cheupe, kirefu kama kidole cha mtoto,
kimepinda kuelekea ufa wa dirisha.
Katika chumba hiki!
Ambapo hata nzi ana pini na tarehe.

Nilikipanda kwenye kopo la rangi, kwa udongo wa nyuma ya choo.
Dokta alifurahi mno. "Kichanue," alisema,
"tupate jina, halafu tukikandamize."
Ameshatenga magazeti ya kukikaushia,
ameshaandika lebo, mkusanyaji: T. Tweve,
na hilo nilimshukuru kwa dhati.

Jumapili Mama Tweve hupiga simu.
Hasemi hodi. "Kimefika wapi?"
Majani matatu, mama.
"Usikimwagilie sana. Hakikuzoea kubembelezwa."

Jana nilifungua daftari. Namba 2,107.
Nikafika safu ya saba, nikasoma maneno manne ya marehemu,
nikachonga penseli,
nikaandika: hai.
Neno lilionekana kama kosa la tahajia.

Magazeti ya Dokta nimeyahifadhi, yako salama,
droo ya bundi.
Amedai funguo. Nimempa zote
isipokuwa mmoja.